Siha ya Kijana Anayepelekwa Mlimani

Ipo karatasi moja ambayo wazazi wengi wa pwani huitia sahihi bila kuisoma, nayo ni ile inayoletwa nyumbani na mwanafunzi wa sekondari shule yake inapoazimia kuwapeleka vijana Kilimanjaro wakati wa likizo. Karatasi hiyo huuliza kama mtoto ana maradhi yoyote, na mzazi huandika kwamba hana. Huuliza kama mtoto hufanya mazoezi, na mzazi, akikumbuka jinsi mwanawe anavyoshinda uwanjani akicheza mpira hata magharibi ikamkuta huko, huandika kwamba hufanya. Kisha hutia sahihi, hutoa fedha, na kuanza kuulizia bei ya makoti ya mitumba. Sisemi kwamba wazazi hawa hawajali. Nasema tu kwamba wameulizwa maswali mawili mepesi juu ya jambo zito, na kwamba mwalimu anayezipokea karatasi hizo, zote zimejibiwa namna moja, hajajua bado hata kitu kimoja kuhusu miili ya watoto ambao ameshika dhamana yao mbele ya Mungu na mbele ya sheria.

Basi makala haya nimeyakusudia kwa mzazi na mwalimu pamoja, na kwa kijana mwenyewe akipenda kusikiliza. Rai yangu naitanguliza mapema, ili asiyeafikiana nami ajue pa kunipinga: mlima hautaki nguvu nyingi kama watu wanavyodhani, bali wataka ustahimilivu uliojengwa taratibu kwa miezi, damu isiyo na upungufu, na ulimi usioficha maumivu, na kijana mwenye mbio na ghururi ni wa kuhofiwa zaidi huko juu kuliko mnyonge aendaye kwa hatua fupi.

Fikra ya kumtoa kijana nyumbani na kumpeleka mahali pa taabu, ili mwili na tabia yake vifundwe pamoja, si ngeni kwetu sisi ambao wazee wetu walikuwa na kumbi zao za jando. Walakini mafunzo ya milimani tuliyonayo leo katika Afrika ya Mashariki yana asili nyingine, nayo, ajabu, ilianzia baharini. Mwaka 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbilia Uingereza, alishirikiana na Lawrence Holt, tajiri wa merikebu, wakafungua shule huko Aberdovey, katika pwani ya Wales, wakaiita Outward Bound. Husimuliwa kwamba Holt alikuwa akisikitishwa na habari za mabaharia wake: merikebu ziliposhambuliwa na adui zikazama, vijana wenye misuli ndio waliokata tamaa na kufa katika mashua za kuokolea, ilhali wakongwe wenye mvi, ambao lau wangalishindana nao mbio wasingaliwapata, walistahimili baridi na njaa mpaka wakaokolewa. Vijana hawakukosa sulubu. Walikosa kuijua taabu na kuizoea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mafunzo ya namna hiyohiyo yalifika Loitokitok, upande wa Kenya, chini ya miteremko ya kaskazini ya Kilimanjaro, na tangu hapo vijana wengi wa nchi zetu wamepitia huko. Nimekileta kisa hiki kwa sababu walimu wa michezo, ambao nawaheshimu, bado huchagua wasafiri wao kwa kutazama nani ana mbio.

Tuutazame mlima wenyewe. Nachukua njia ya Marangu, kwa kuwa ndiyo yenye mabanda ya kulala, na kwa hiyo shule nyingi huipenda. Lango lake liko chini kidogo ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Banda la kwanza, Mandara, liko karibu mita 2,700. La pili, Horombo, mita 3,720. La tatu, Kibo, karibu mita 4,700. Na kilele cha Uhuru mita 5,895. Mtoto wa Tanga, wa Lamu au wa Unguja amezaliwa na kulala siku zote za maisha yake usawa wa maji, akivuta hewa nzito na yenye unyevu, na huko kileleni kila pumzi atakayoivuta itampa takriban nusu tu ya oksijeni aliyoizoea nyumbani. Kisha saa za mwisho ndizo ngumu kupita zote, kwa maana wasafiri huamshwa banda la Kibo karibu na usiku wa manane, wakapanda gizani juu ya changarawe inayorudi nyuma kila hatua, katika baridi inayoweza kufika nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri. Na aliyejaaliwa kufika kileleni asubuhi hana ruhusa ya kupumzika, kwani humlazimu kushuka siku hiyohiyo mpaka Horombo, zaidi ya mita 2,000 kwenda chini, na usiku wake hakulala.

Katika kazi hiyo yote hamna mbio hata kidogo. Waongozaji huko juu hawachoki kuwaambia wageni waende polepole, na wageni hucheka wakidhani ni maneno ya kuwafurahisha. Kumbe ndiyo elimu yote ya mlima katika neno moja. Ugonjwa wa mwinuko, unaoanza aghalabu mtu apitapo mita 2,500, haumtazami mtu kifua wala paja, na mchezaji hodari wa mpira hana kinga ya kumshinda karani mnene. Pengine hodari huyo yu katika hatari zaidi, kwa kuwa miguu yake humfikisha juu upesi kuliko damu yake inavyoweza kujirekebisha. Mazoezi yana faida kubwa, nami nitayaeleza. Lakini asidanganywe mtu kwamba mazoezi yanaweza kuchukua nafasi ya siku. Kanuni inayofuatwa na matabibu wa milimani ni kwamba mtu akishapita mita 3,000 asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike palepale alipo. Hesabu mwenyewe uone jinsi njia ya Marangu inavyoivunja kanuni hiyo, kutoka Mandara hadi Horombo mita elfu, kutoka Horombo hadi Kibo karibu elfu nyingine. Kwa ajili hiyo safari ya siku tano ya vijana wa pwani naiona ni makosa, hata ikiwa ndiyo iliyo rahisi kwa kifuko cha shule. Iwepo angalau siku moja ya ziada pale Horombo, vijana wapandishwe mchana mpaka kwenye mawe ya milia karibu mita 4,000, kisha warudi kulala chini. Kama fedha haitoshi siku sita, na wapelekwe Usambara, wafurahi, warudi salama.

Sasa niingie katika jambo ambalo naliona zito kupita yote, na ambalo halikuandikwa vya kutosha katika karatasi ya shule, yaani damu. Oksijeni hubebwa na damu, na mwenye damu pungufu huwa amekwisha kupanda nusu ya mlima angali sebuleni kwao. Katika nchi zetu upungufu huu ni wa kawaida mno: malaria hula damu, safura hula damu, kichocho hula damu, na mabinti waliobaleghe hupoteza sehemu yao kila mwezi na wengi hawapati chakula cha kuirudisha. Mtoto wa namna hii aweza kuonekana mzima, akacheka, akacheza. Ni pale tu anapotakiwa kupanda ngazi na mzigo ndipo huhema kuliko wenzake, nasi humwita mvivu. Kila kijana anayekusudiwa kupelekwa mlimani apimwe wekundu wa damu miezi mitatu kabla ya safari, kwa sababu dawa ya madini ya chuma na ya minyoo huhitaji wiki nyingi ndipo ionekane kazi yake, na kipimo kinachofanywa wiki moja kabla ya basi kuondoka hakimsaidii mtu ila kumkatisha tamaa.

Na lipo la selimundu, ambalo pwani yetu na nchi za kando ya Ziwa Victoria zina sehemu kubwa ya watu wenye asili yake. Mwenye ugonjwa wenyewe hujulikana tangu utotoni, na huyo mlima mrefu haumfai, tusitafute hila. Lakini wapo walioirithi nusu, kutoka kwa mzazi mmoja, ambao huishi miaka yao yote wakiwa wazima, hawajui kuwa nayo, na hapa chini haiwadhuru. Huko juu, katika hewa haba, chembe za damu zao zaweza kujikunja na kuziba mishipa ya bandama, na dalili yake ni maumivu makali ubavuni kushoto, chini ya mbavu, ambayo mwalimu asiyejua atadhani ni kichomi cha kukimbia. Kipimo chake ni tone la damu tu. Atakayeonekana anayo, tabibu ajuaye mambo haya ndiye aseme aende hadi wapi. Na aliyekwisha anza safari bila kujipima akashikwa na maumivu hayo, ashushwe mara moja.

Maradhi mengine nayapitia upesi. Pumu iliyotulia kwa dawa si lazima imzuie kijana, ila dawa yake ya kuvuta aiweke mfuko wa ndani karibu na kifua isipate baridi, na ya akiba ashike mwalimu. Kifafa, maradhi ya moyo na kisukari ni amri ya daktari, si ya mjomba. Mwenye mafua yaliyoshuka kifuani siku ya kuondoka abaki, hata akilia. Na kwa kuwa watoto wetu hutoka mahali penye mbu, mwalimu afahamu kwamba malaria iliyoingia mwilini Muheza yaweza kuchomoza siku ya nne ya safari, ikaja na kichwa na kichefuchefu, dalili zilezile za mwinuko. Basi kipima joto kisikosekane sandukuni, maana homa kali haiji kwa sababu ya mwinuko peke yake, na mwenye homa ateremshwe akapimwe.

Kuhusu umri, taratibu za hifadhi hazimruhusu mtoto aliye chini ya miaka 10 kukiendea kilele. Ruhusa hiyo isichukuliwe kuwa ni wito. Mimi ningengoja mpaka miaka 15 au zaidi, si kwa ajili ya mifupa tu, ambayo bado inakua na haipendi mizigo mizito, bali kwa kuwa mtoto mdogo hajui kueleza anavyojisikia. Husema tumbo akimaanisha kichwa, na husema hajambo akimaanisha anamwogopa mwalimu.

Mazoezi yaanze majuma kumi na mawili kabla. Shirika la Afya Duniani linahimiza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuutaabisha mwili kila siku, na mwanafunzi anayekwenda shule kwa miguu na kuchota maji jioni huzipata bila kujua. Lakini anayepelekwa kwa gari na kurudishwa kwa gari, na siku hizi ni wengi, aanzie hapo. Mwezi wa kwanza ni wa kutembea: siku nne kila juma, kwa mwendo wa haraka ambao humruhusu mtu kuzungumza maneno marefu bila kukatwa na pumzi. Akishindwa kuzungumza, apunguze. Hivi ndivyo moyo unavyofunzwa kufanya kazi saa nyingi bila kuchoka. Mwezi wa pili yaongezwe madaraja na mzigo. Unguja haina mlima, sehemu yake ya juu kabisa haizidi sana mita 100, lakini ina nyumba ndefu zenye ngazi za kukata pumzi, na ina mchanga laini wa ufuoni ambao kuutembea kwa saa moja na shanta mgongoni ni darasa zuri la vifundo na mapaja. Mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa kijana, na uanze chini ya hapo. Kwa mlimani hasa, ambako wapagazi hubeba vyombo vikubwa, na mzigo wa kila mpagazi una kikomo cha kilo 20, kijana atabeba maji yake lita tatu, koti lake na chakula cha mchana, nazo ni kilo tano au sita.

Kushuka kusisahauliwe. Watu wote hujizoeza kupanda, na karibu wote huumia wakishuka, kwa sababu paja linaposhusha mwili hufanya kazi kwa kujivuta huku likirefuka, kazi inayolichana zaidi kuliko ile ya kupandisha, na maumivu yake huja siku ya pili yakakaa. Kwa hiyo kijana ashuke zile ngazi taratibu, hatua moja moja, goti likiwa limekunjwa kidogo, asijitupe. Na kadiri anavyolizoesha paja lake polepole ndivyo maumivu yanavyopungua safari hata safari. Viatu atakavyovaa mlimani avivae katika mazoezi haya, si vipya vya kufunguliwa boksi pale langoni, na kucha za vidole gumba azikate, la sivyo zitang'oka kwa kugonga ncha ya kiatu.

Mwezi wa tatu ni wa vilima vya kweli. Shule za Tanga zinayo Lushoto, karibu mita 1,400, na misitu iliyo juu yake. Za Mombasa zinayo Taita, ambako Vuria hupita mita 2,200. Za Dar es Salaam zina Uluguru. Mpango wangu ni huu: waende siku ya kwanza saa sita au saba na mizigo yao, walale palepale, na siku ya pili waende tena saa nne. Nasisitiza siku ya pili. Walimu wengine hupima vijana kwa mbio za dakika 12, kipimo ambacho daktari Mmarekani Kenneth Cooper alikitangaza mwaka 1968 akiwatazama askari, nacho ni kizuri kwa kazi yake, lakini hakikuambii kijana huyo ataamkaje kesho. Mimi nitamtazama alfajiri akitoka kitandani: anayeweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, akala uji wake wote, akafunga shanta yake mwenyewe bila kusukumwa, huyo yu tayari. Asiyeweza, apewe majuma matatu mengine, asitukanwe.

Ikiwa Ramadhani imeangukia katika miezi ya mazoezi, mazoezi mepesi na yafanywe baada ya futari, na yale mazito yangoje. Safari yenyewe ipangwe mwezi mwingine, kwani ijapokuwa msafiri ana ruhusa ya kula, vijana wengi wataona haya kuitumia mbele ya wenzao.

Na haya ndiyo yanipeleka kwenye ulimi. Kijana aliyeanza kuumwa kichwa Horombo hasemi, kwa kuwa baba amelipa, kwa kuwa wenzake watamcheka, kwa kuwa amewaahidi wa nyumbani picha ya kileleni. Na tangu Luteni Alexander Nyirenda alipousimika Mwenge wa Uhuru huko usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961, kilele kile kimekuwa heshima ambayo hakuna anayependa kukiri ameikosa. Huficha, kama nahodha anayeficha ufa wa jahazi akitumaini upepo utamfikisha bandarini kabla maji hayajafika kifuani. Dawa yake haianzi mlimani. Huanza katika mazoezi, pale mwalimu anapomsifu hadharani yule aliyesema mapema kwamba kiatu chamchubua, na kumtuliza yule aliyenyamaza mpaka akatoka malengelenge. Mwanafunzi aliyezoea kwamba kusema ukweli hakumletei izara atasema pia kwenye mita 4,700.

Kila jioni mwalimu amuulize kila mmoja kwa faragha, si kwa mkupuo wa kundi zima ambalo huitikia kwa sauti moja kuwa hawajambo: amekula kiasi gani, amelala vipi, kichwa kikoje, mkojo wake una rangi gani. Kichwa na kutotaka chakula ni onyo la kutopanda zaidi mpaka viishe. Anayepepesuka, ambaye ukimwamuru atembee juu ya mstari kisigino kikigusa kidole huangukia kando, ubongo wake umeanza kujaa maji. Na anayehema akiwa ameketi, akikohoa mate yenye povu, mapafu yake yamo katika hali hiyohiyo. Hao wawili hawangoji asubuhi. Dawa zipo, na mwongozaji mzuri atakuwa nazo, lakini hakuna dawa inayoshindana na kushuka, na kushuka huko kuwe kwa usiku huohuo, pamoja na mtu mzima, hata ikiwa kwa machela.

Kwa sababu hiyo shule ipange tangu mwanzo kwamba baadhi hawatafika, na iwatayarishie safari yao iliyo kamili, si ya majuto. Kreta ya Maundi, karibu na Mandara, ni mwendo mfupi na ina mandhari ambayo wengi wangeridhika nayo; wenye damu iliyochelewa kurudi na wenye amri ya daktari waambiwe kabla ya kutoka nyumbani kwamba hapo ndipo mwisho wao, na cheti chao kisiandikwe tofauti. Na ateuliwe kwa jina, kabla basi halijaondoka, mwalimu mmoja ambaye kazi yake ni kushuka: asiwe na hamu ya kilele, asiwe amewaahidi watu picha, na awe na fedha taslimu ya gari kutoka lango la Marangu mpaka hospitali ya Moshi, saa yoyote ya usiku.